Taa Mbili Zilizozimika Pamoja

Saa nne asubuhi shemeji yake, dereva wa zahanati, alipoliingiza gari la wagonjwa gereji, Fundi Waya alikuwa amekwisha kwenda getini mara tano kumchungulia. Saa nane gari hilohilo lilitakiwa kumpeleka mdogo wake, mke wa shemeji huyo, hospitali kubwa kwa upasuaji wa kujifungua, na zahanati haikuwa na gari jingine.

"Linatetemeka kwenye mlima, halafu linakosa nguvu," alisema shemeji akishuka. "Lakini si kitu kikubwa, shemeji. Taa ya injini haijawaka hata siku moja."

"Hilo ndilo linalonikosesha raha," alijibu Fundi Waya.

Hilo jina alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alipenda nyaya kuliko chuma. Aliingia ndani, akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zikawaka, ya injini ikiwemo. Akawasha. Injini ikanguruma kwa kukwamakwama kama mtu mwenye kwikwi, na taa ya injini ikazimika. Akazima, akarudia. Mara ya tatu ndipo alipogundua: taa ya injini na taa ya oili zilikuwa zinazimika kwa pamoja, sekunde ileile, kama mapacha waliofinywa na mkono mmoja.

Akachomeka mashine ya kusomea makosa. Kompyuta ya gari ikasema silinda ya tatu haichomi mafuta sawasawa, na kwamba yenyewe imeshaiamuru taa iwake. Akatazama dashibodi. Giza.

"Shemeji," alisema, "kompyuta inapiga kelele na taa imenyamaza. Kati yao hao wawili kuna mtu amepita."

Shemeji akajifanya anafuta kioo.

Fundi Waya akafungua skrubu za dashibodi, akaivuta nje, akamulika kwa tochi nyuma yake. Haikumchukua muda. Waya unaotoka kwenye kompyuta kuja kwenye taa ya injini ulikuwa umekatwa na kufungwa tepu nyeusi. Mguu wa taa ulikuwa umeungwa kwenye waya wa taa ya oili. Ndiyo maana ziliwaka pamoja na kuzimika pamoja, na kila anayekagua alitoka ameridhika.

"Nani kafanya hivi?"

Shemeji akaendelea kufuta kioo.

"Nakuuliza wewe, baba watoto wa mdogo wangu. Nani?"

"Mimi," alisema shemeji hatimaye. "Kila ikiwaka, msimamizi wa zahanati analiegesha gari wiki nzima akisubiri kibali cha matengenezo. Mara ya mwisho alipoliegesha, mzee mmoja alibebwa kwenye mkokoteni hadi barabara kuu. Nilimwona kwa macho yangu. Nikasema haitawaka tena."

Fundi Waya alitaka kumfokea. Akazunguka gari mara mbili, mikono kiunoni.

"Umeliziba gari mdomo," alisema mwishowe. "Na leo umpakie mke wako humu?"

"Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi!"

Saa ilikuwa inakwenda. Akarudisha waya wa kompyuta mahali pake, na taa ikawaka na kubaki inawaka, ya manjano, jeuri. Akafungua boneti. Akabadilisha nafasi za koili za cheche, ya tatu na ya kwanza, akapima upya: kosa likabaki palepale kwenye silinda ya tatu. Basi koili ilikuwa nzima. Akaufuata waya wake kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka nyuma ya injini ulipopita juu ya kibano cha chuma. Hapo ganda lilikuwa limelika na shaba ikionekana. Kila gari likitikisika, waya ulikuwa unagusa chuma. Akakikata kipande hicho, akaunga kipya kwa kulehemu, akauvika mpira, akaufunga mbali na kibano. Akafuta makosa kwenye mashine. Injini ikatulia. Taa ikazimika, safari hii peke yake.

"Nakuja nanyi," alisema, akapanda mbele na mashine mapajani.

Walimchukua mdogo wake zahanati, akalala nyuma kwenye machela, nesi akiwa kando yake. "Dada, mbona humtazami mtu ila dashibodi?" aliuliza.

"Wewe lala."

Walipofika katikati ya mlima, taa ikawaka.

Shemeji akageuka. "Nisimame?"

"Usisimame. Endesha taratibu." Akachomeka mashine gari likiwa linatembea, akasoma mara mbili asije akajidanganya. Silinda ya tatu ilikuwa sawa. Safari hii ilikuwa kihisi kilicho kwenye bomba la moshi, kinachochelewa kupata moto. "Kwa hitilafu hii tutafika. Kesho nitakibadilisha. Twende."

Wakafika. Machela ikasukumwa ndani, milango ikafungwa, na Fundi Waya akashindwa kukaa. Alipima korido kwa hatua, akahesabu taa za dari, akazihesabu tena. Dirishani alimwona shemeji amesimama kando ya gari, simu sikioni.

"Msimamizi? Ni mimi dereva. Ile taa ya injini, niliikata mwenyewe miezi minne iliyopita. ... Ndiyo. Sasa imeungwa, na inawaka. ... Nitaandika barua, lakini na wewe uandike kibali kitoke siku hiyohiyo, maana nitamtaja na yule mzee wa mkokoteni."

Alipokata simu, jasho lilikuwa linamtiririka. "Kaniita ofisini kesho," alimwambia Fundi Waya aliyemfuata nje. "Hajanifukuza. Bado."

"Nitakwenda nawe. Waya uliolika nimeukata kipande, nitamwekea mezani."

Nesi akawaita. Mtoto wa kike, mzima, sauti kama honi. Fundi Waya akanyoosha mikono ampokee, na mdogo wake, dhaifu vile alivyokuwa, akashtuka kitandani.

"Dada! Grisi yote hiyo! Kanawe!"

Akanawa mara tatu ndipo akakubaliwa.