Miti Isiyobishiwa Hodi

Jumamosi asubuhi wanakikundi wa Mkongoni walikuwa wamekaa kwenye majamvi nyuma ya shule, wakijaza udongo kwenye viriba vya miche. Udongo wa bondeni, samadi ya mbuzi na mchanga kidogo. Mwantumu alichanganya kwa mikono, wenzake wakajaza na kushindilia kwa vidole. Hakuna aliyelipwa. Mudy, ambaye siku nyingine zote aliendesha bodaboda kati ya kijiji na Ikwiriri, alisema viriba hivi vingekuwa maandazi, angekuwa ameshajenga. Jua lilipokuwa kali viriba vilikuwa vimejaa na kupangwa chini ya kivuli cha makuti. Kilichokosekana ni mbegu.

Walitaka mbegu za mkongo, ule mti wa mbao ngumu. Kichaka cha mikongo kilichokizunguka kisima cha kijiji kilikuwa kimeisha kwa msumeno, na tangu kiishe, chumvi ilikuwa ikipanda kisimani kutoka upande wa delta. Familia zilihamia Ikwiriri moja baada ya nyingine, na milango ya walioondoka ilifungwa kwa kamba. Mwantumu alikuwa amezaliwa hapo na alikusudia kuzeekea hapo. Mama yake, Bi Mwanahawa, hakutaka hata kusikia habari za kuhama, ingawa chai ya nyumbani kwao ilikuwa na ladha ya mchuzi. Mradi mmoja uliwahi kuwaletea mikaratusi. Ilikunywa maji yaliyobaki, kisha ikafa. Wazee walisema kisima kile kinaelewana na mkongo tu, na katika eneo lote hapakuwa tena na mkongo uliosimama.

Kuhusu nani aliyekimaliza kichaka, jibu lilikuwepo: wageni. Mzee Badru, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, alilitoa katika kila mkutano, na watu waliliitikia kama wanavyoitikia dua ya kufungia.

Asubuhi hiyo hiyo Semeni, mke mdogo wa Badru, alikuja na beseni kichwani, limefunikwa kanga. Alilitua mbele ya Mwantumu.

"Da Mwantumu, kitanda chetu kimezaa."

Mwantumu alifunua. Yalikuwa maganda ya mkongo, mapana na mazito. Alipasua moja kwa jiwe. Mbegu zilikuwa zimelala ndani kwa safu, nyeusi, kila moja na kofia yake nyekundu.

"Kilichanua lini?" aliuliza.

"Kabla ya Ramadhani. Mie nilidhani mchwa."

"Na kabati?" Mudy alidakia.

"Kabati lina majani tu. Limepigwa rangi lile, linachelewa."

Kikundi kilinawa mikono, kikaenda kuangalia. Bi Mwanahawa alifuata na fimbo yake.

Nyumba ya Badru ilikuwa imejaa mikongo. Kitanda kilikuwa kimepeleka matawi hadi kwenye mabati. Miguu ya makochi ilikuwa imepasua sakafu na kushika mizizi. Fremu ya mlango wa mbele ilikuwa imenenepa, ikabidi mtu aingie ubavu ubavu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji kichakani tangu utotoni waliitambua miti mmoja mmoja. Huu wa mlangoni ni ule wa upande wa delta. Huu wa kabatini ni ule uliopigwa radi. Ilikuwa imesimama kwa mpangilio uleule, na katikati, mahali ambapo kisima kingekuwa, Badru alikuwa ameweka televisheni.

Badru mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, kanzu yake imekwama kwenye kijiti.

"Mbao nilinunua," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Bi Mwanahawa alishika gome la kitanda, akanusa kiganja.

"Walipokata walibisha hodi?"

Mkongoni hakuna aliyeingia kichakani bila hodi. Mtu alisimama pembeni, akabisha, akataja yeye ni mtoto wa mama gani na amefuata nini, kisha akangoja mpaka kitu kijibu: njiwa, au jani kudondoka. Wanawake walibisha hodi kwa kuni za siku moja. Lakini misumeno ya mota haikuacha nafasi ya mtu kusikia jibu.

Badru alitazama televisheni.

"Basi," Bi Mwanahawa alisema. "Mti usiobishiwa hodi haujui kama umekatwa. Unaendelea na kazi zake."

"Na dawa yake?" Semeni aliuliza.

"Dawa ndogo tu. Aliyekata asimame mbele za watu abishe hodi, amtaje mama yake, aseme alichokuja kuchukua. Mti ukisikia utajua. Utakuwa mbao."

Wote walielewa maana ya maneno hayo kuhusu wale wageni. Lakini Semeni alikuwa ameshaleta kahawa na kashata, na si adabu kumfedhehesha mtu ambaye kahawa yake iko mkononi mwako. Walikunywa, wakasifu kahawa, wakaomba ngazi.

Badru hakubisha hodi. Alileta fundi kutoka Ikwiriri. Fundi alipiga randa kitanda kutwa nzima, na asubuhi yake machipukizi yakawa mazito zaidi, kama shamba lililopaliliwa. Akarudi akapaka vanishi, wakaja nyuki. Fundi alikusanya vifaa vyake akasema yeye ni seremala, kazi hii ni ya bwana shamba.

Ikawa kila Jumamosi kikundi kinakwenda kuvuna. Walibisha hodi mara mbili, ya kwanza kwa wenye nyumba, ya pili kwa kitanda. Mudy alipanda kwenye kichwa cha kitanda na kutikisa, Semeni akakinga shuka chini. Mwantumu alizikwangua mbegu kwenye jiwe, akaziloweka, akazifukia moja moja. Zilipoota zilibeba maganda yake juu, kama watu waliotoka nje na blanketi. Wazee walianza kupita kwenye kitalu wakielekea msikitini, na kila mmoja alisimama kidogo. Familia moja iliyokuwa imefunga mizigo ilifungua tena masufuria.

Ilibaki miti ya mlangoni na ya makochi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mikubwa kuliko yote, na ndiyo iliyokuwa imeshika ukingo wa kisima upande wa delta, chumvi inakoingilia. Ilikuwa imezaa sana, lakini maganda yake yalikuwa bado mabichi. Nusu ya viriba ilingoja.

Alasiri moja Badru alikuja kitaluni peke yake. Alikuwa amekonda. Kwenye kofia yake kulikuwa na jani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alichuchumaa kwa shida. "Silali. Tumbili wanaingilia dirishani, wanakula matunda kifuani kwangu. Mkono wa kochi umenichoma mbavu. Nimechoka."

"Pole."

"Ijumaa, baada ya swala, nitasimama. Nitabisha hodi."

Mwantumu aliacha kumwagilia. Neno hilo alikuwa amelingoja tangu mti wa kwanza ulipoanguka. Alikuwa na maneno yake tayari ya siku hiyo, mazuri, makali, aliyokuwa akiyanoa kila alipobeba ndoo ya maji yasiyonyweka. Alijua ataanza na lipi na atamalizia na lipi.

"Utasema ni wewe?"

"Hodi mtu habishiwi na mwenzake."

"Utamtaja na mama yako?"

"Nitamtaja. Mungu amrehemu, alikuwa akiteka maji palepale."

Mwantumu alitazama viriba vitupu.

"Maganda ya mlangoni bado mabichi, baba."

"Nimeyaona."

"Ukisema Ijumaa, yatakauka yakiwa mabichi. Hayataota."

Mwantumu alichukua ndoo, akamwagilia mstari mzima hadi mwisho, akarudi.

"Basi usiseme," alisema.

"Nisiseme?"

"Nyamaza mpaka nikwambie. Watu wanajua, baba. Hakuna utakachowapa ambacho hawana. Mbegu ndio hawana."

Mabega ya Badru yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia la mpunga. Aliinuka, akakung'uta kanzu. Alipofika njiani alikuwa anatembea kama mwenyekiti.

Jioni Mwantumu alimweleza mama yake. Bi Mwanahawa alikuwa anapuliza moto.

"Kwa hiyo umemwachia mwizi heshima yake."

"Nimemwachia. Yeye kaniachia mbegu."

"Na akizoea kunyamaza? Mbegu zikiisha, utamfunguaje mdomo?"

"Sijui, mama."

"Hujui." Bi Mwanahawa alimimina chai, akaonja, akakunja uso. "Mie ningekuwa na umri wako ningemsemesha Ijumaa hiyohiyo, nimwone anavyotetemeka. Halafu ningehamia Ikwiriri, nikanywe maji ya bomba kwa watu." Alimsogezea kikombe. "Kunywa mwanangu. Umefanya vizuri, na umefanya vibaya."

Maganda yalikomaa mvua za kwanza zilipokaribia. Wakavuna ya mlangoni, wakavuna ya makochi, Badru akiwashikia ngazi. Viriba vyote vikapata wenyewe. Miche ilipofika magotini, masika ikaanza kunguruma upande wa Mbwara, na kijiji kizima kikaenda kisimani na majembe. Hata baadhi ya waliokuwa wamehamia Ikwiriri walikuja, wakijifanya wanasalimia tu.

Afisa mmoja wa wilaya naye alikuja, na kwa kuwa watu wote walikuwa pamoja, alisema ni vema kamati ya mazingira ichaguliwe palepale, asije akarudia safari. Badru alipewa nafasi ya kusema. Alisimama kati ya mashimo, nyuki wawili watatu wakimzunguka kichwani, akaeleza jinsi wageni walivyokimaliza kichaka, na jinsi wananchi walivyoamka. Watu walipiga makofi, wengi wao wakiwa wamepiga magoti, wanapanda.

"Nani anataka Mzee Badru aendelee?" afisa aliuliza.

Yalisikika majembe mawili matatu tu na mtoto aliyekuwa akilia. Semeni, aliyekuwa amebeba miche ya mlangoni kwenye karai, alisimama na karai lake. Watu hawakumtazama Badru. Walimtazama Mwantumu.

Mwantumu alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, anausimika mkongo upande wa delta. Alipomaliza kuushindilia alitazama mashimo yaliyokosa miche, akainua mkono, ukiwa na tope hadi kiwikoni. Bi Mwanahawa akacheka kwa puani, akainua fimbo. Wengine wakafuata. Mudy aliinua yote miwili.

"Mmoja, bwana," afisa alisema.

Mvua ikaanza. Hakuna aliyekimbia. Afisa alihesabu haraka, akakimbilia gari, na mikono yote ikarudi mashimoni.