Vumbi Jeusi la Gari la Polepole

Wako wanaume wanaojisifia watoto, wako wanaojisifia nyumba. Polepole alijisifia gari. Jina hilo alipewa na madereva wenzake wa malori, kwa sababu hakuwahi kumpita mtu mlimani wala kupiga honi bila sababu, na alipostaafu jina likastaafu naye, wakarudi nyumbani pamoja. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya chai ya maziwa, na kwa umri wake lilistahili kuamkiwa shikamoo. Kila Jumatano alimpeleka mkewe mjini kununua vitambaa, akamsubiri, akamrudisha. Kabla ya kuondoka alilipangusa nje mpaka likang'aa, kisha akamfungulia mlango bibie. Majirani walicheka, naye akawaacha wacheke.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka miwili sasa alikuwa akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha kumlaza mtu kitandani. Kilikuwa kikavu, chenye kero, cha kumshika katikati ya maneno na kumwacha akifuta machozi. Daktari alimpima kifua, akakuta hakina ugonjwa, akasema huenda ni vumbi. Vumbi gani? Jamani, mtu anayeshinda na pamba na nyuzi kutwa nzima ataulizwa vumbi gani? Kila aliyesikia alitikisa kichwa kukubali. Binti yao mkubwa akapiga simu: "Mama, acha kushona. Umeshona vya kutosha." Cherehani ikahamishiwa barazani, kikohozi kikabaki palepale. Mwishowe mama mwenyewe akakata shauri kuiuza. Mwenye duka la vitambaa alikuwa ameitamani siku nyingi, wakaelewana kwamba Jumamosi atakuja kuichukua.

Polepole alimwona mkewe jioni akiitia mafuta mashine ambayo hatashonea tena, na roho ikamuuma kweli. Miezi ambayo lori liliharibika njiani na mshahara ukapotelea hukohuko, ile cherehani ndiyo iliyowalisha. Zaidi ya hayo alimjua mtu wake. Asiposhona, hajui mikono yake aiweke wapi.

Jumatano ya wiki ileile walitoka asubuhi na baridi. Mama alikuwa akipeleka kazi yake ya mwisho, gauni jeupe la bibi harusi. Alikuwa amelilaza mapajani wazi, maana mfuko ungelikunja. Kioo cha mbele kilijaa ukungu, Polepole akawasha hita na kuizungusha feni mpaka mwisho. Joto likaja, na ile harufu ya gari la zamani ambayo walikuwa wameizoea. Mama akaanza kukohoa. Polepole akamtazama kwa huruma, akashusha macho, na pale juu ya gauni akaona vitone vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Akanyoosha kidole apanguse kimoja, kikapakaa. Kingine kikaruka kutoka kwenye tundu la hewa, mbele kabisa ya uso wa mkewe, kikatua kifuani mwa gauni.

"Simamisha gari!" mama alisema.

Alisimamisha, akazima feni. Mama akapuliza vile vitone kimoja kimoja, bila kugusa, mpaka gauni likasalimika. Lilibaki lile doa alilopakaza mume, karibu na pindo, nalo akalikunja kwa ndani na kulishikiza kwa pini, huku ameibana midomo.

Polepole alifikiri taratibu kama alivyoendesha, lakini safari zake zote zilifika. Kikohozi kilimzidia mkewe lini? Jumatano jioni, na Alhamisi. Kilimpungua lini? Ule mwezi ambao gari lilikaa bila betri. Wakati ule wote waliisifu asali ya jirani kuwa ndiyo dawa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia mkewe mlango akapande.

Angeweza kunyamaza, kulipeleka gari gereji kimyakimya na kujifanya hajui. Wazo hilo lilimjia, tusimfanye malaika. Lakini walipokwisha kulikabidhi gauni na kurudi mpaka mlangoni kwao, alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Mama watoto," alisema. "Si pamba. Ni gari."

"Gari limefanya nini?"

"Ndilo linalokukohoza. Nyuma ya dashibodi kuna sponji za kuzibia njia za hewa. Zimeoza. Kila nikiwasha feni, wewe unazivuta kifuani."

Mama alijibu kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele.

"Miaka miwili naambiwa kazi yangu ndiyo inayoniua. Nimeanza kuiogopa mwenyewe, kazi yangu! Na wewe kila siku unapangusa huku nje. Ndani hujawahi kuangalia?"

"Sijawahi."

"Dereva mzima!"

"Dereva mzima," alikubali. "Nitaliuza. Cherehani ibaki."

"Halafu vitambaa nibebe kichwani? Usinitanie. Litengeneze." Akafungua mlango mwenyewe, bila kusubiri kufunguliwa. "Ila usiseme umejua mpaka tuone. Nikipanda tena nikakohoa, basi ni pamba, na Jumamosi mashine inaondoka. Sitaki mjadala."

Alhamisi alfajiri Polepole alijifunga kitambaa puani akaanza kulivua gari nguo. Alikinga maji ya rejeta kwenye beseni, akachomoa paipu mbili za maji ya moto, akafungua skrubu baada ya skrubu mpaka dashibodi ikatoka, na nyuma yake akalifikia sanduku jeusi la plastiki, kubwa kama begi la shule. Humo mlikuwa na feni, na rejeta ndogo ya kupashia hewa joto, na vijilango vitatu vya bati vinavyogeuka kuamua hewa iende usoni, miguuni au kwenye kioo. Zamani kila kijilango kilivikwa sponji ili kikifunga, kifunge kweli. Sasa sponji hizo zilikuwa kama keki iliyomwagikiwa chai. Aliigusa moja ikasagika na kumpaka vidole weusi wa kunata.

Alikwangua yote kwa kisu kisicho na makali, akafuta kwa mafuta ya taa na kitambaa, akayakusanya yale mabaki kwenye bakuli. Yalijaa. Na haya ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Mengine yalikuwa yamekwisha kutoka, akajua yametokea wapi na kuelekea wapi. Polepole alikaa chini sakafuni karibu na gurudumu, bakuli mapajani, akalia kidogo, kisha akapenga kamasi na kuendelea.

Basi, hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyezoea malori huamini kwamba kitu kinene ndicho kitu imara. Aliingia sebuleni mkewe akiwa bafuni, akachukua mto wa kochi, akaupasua, akakata sponji nene kama mkate na kuigandisha kwa gundi kwenye vijilango vyote vitatu. Alipovirudisha, hakuna hata kimoja kilichokubali kufunga. Alisukuma, alibembeleza, alitukana kwa adabu. Wapi!

"Baba watoto," sauti ya mama ilitoka sebuleni, "kochi letu limekonda."

"Nimeazima kidogo."

Mama alitoka, akaona, akashika kiuno. Alikuwa bado amekasirika, lakini kazi mbovu ilimuuma zaidi kuliko hasira. Akakichukua kijilango kimoja, akakigeuza mkononi.

"Hili koti limemzidi mwenyewe. Umekata bila kupima. Unene wa kitambaa nao unakula nafasi; kwenye kola ukisahau hivyo, haikai shingoni. Halafu sponji yenyewe hii! Inama hapa."

Aliinama. Mama akakiinua kipande cha sponji kati ya nyuso zao, akaweka mdomo upande wake, akapuliza. Pumzi yake ikapenya sponji na kumgusa mumewe shavuni, ya vuguvugu. Polepole hakusogea. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu nyuso zao zikaribiane hivyo.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Kama pumzi yangu inapita, hewa ya feni itashindwa? Itaoza tena hii. Tunataka ile ngumu isiyopitisha hata maji, anayotumia fundi viatu kukatia nyayo za kandambili."

Fundi viatu alikuwa na kibanda mwisho wa mtaa. Aliwauzia karatasi pana ya sponji nyembamba nyeusi, akauliza kama wanafungua kiwanda cha ndala. Polepole akamjibu kwamba wanamshonea gari suti. Mama alitazama pembeni, lakini Polepole aliuona mdomo wake ukichezacheza.

Meza ya kulia chakula ikawa gereji. Mama alikilaza kila kijilango juu ya gazeti, akakizungushia chaki, akatoa kipimo cha ukingo pande zote, akakata mchoro. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa mkasi wake wa vitambaa. Polepole akashtuka. Ule mkasi haukuwahi kukata hata uzi wa kiroba. Watoto walikuwa wakifukuzwa mpaka uwanjani kwa kosa la kukatia karatasi.

"Huo? Sponji itautia butu!"

"Jumamosi nikiuza mashine, nitautumia kukatia nini?" alisema. Polepole akamwekea mkono begani. Mama hakuutoa. Akakata, polepole na kwa mstari mmoja, na mumewe akapaka gundi. Alisubiri ishike kidogo kama alivyoambiwa, akabandika, akabonyeza kingo kwa kidole gumba. Kijilango cha kwanza walipokirudisha kilifunga kwa mlio mdogo mzito. Wakakifungua, wakakifunga tena, ingawa haikuwa lazima.

Mpaka Ijumaa adhuhuri kila kitu kilikuwa kimezibwa: vijilango, maungio ya sanduku, mdomo wa feni, mpaka pale paipu zinapopita kwenye ukuta wa injini. Polepole alirudisha dashibodi, akajaza maji, akawasha injini na kuiacha feni ipulize bila mtu ndani, kitambaa cheupe kikiwa kimefungwa kwenye kila tundu. Vitambaa vilitoka vyeupe. Hakusherehekea. Vitambaa havina kifua.

"Twende," mama alisema. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Safari hii alisubiri mlango ufunguliwe.

Jua lilikuwa kali la kuchoma bati. Walifunga vioo vyote, wakawasha hita na feni mpaka mwisho, wakakamata barabara ya mlimani. Watu waliowapita waliwaona wazee wawili wakitiririka jasho ndani ya gari lililofungwa, na bila shaka walikuwa na maoni yao. Polepole alizoea kuisikiliza injini. Leo alikuwa akilisikiliza koo la mkewe. Mama aliilaza mikono yake mapajani, ameinua uso, anavuta pumzi kupitia puani kama mtu anayeonja mchuzi uliowahi kumuunguza. Wakapita shule, wakapita daraja.

Mama akahisi kitu kikimchoma pajani. Akaingiza mkono kati ya viti, akatoa skrubu. Akaingiza tena, akatoa nyingine mbili.

"Baba watoto, hizi za wapi?"

Polepole aliziangalia, akarudisha macho barabarani, uso mkavu kabisa.

"Hizo za akiba. Gari limepungua uzito, sasa litakwenda mbio."

Mama akacheka. Alicheka kwa mshtuko, kisha akacheka kwa kupenda, akajipiga paja, akaegemea mlango, akasema "mbio, wewe?" na kuanza upya, jasho na machozi vikichanganyika. Polepole alikaza mikono kwenye usukani akingoja. Kicheko kilipanda, kikashuka, kikaisha chenyewe taratibu, na baada yake haukuja mlio wowote isipokuwa wa feni.

Ndipo alipotambua kwamba kwa miaka miwili hakuwahi kukisikia kicheko cha mkewe mpaka mwisho. Kila mara kilikatikia kikohozini, na yeye, bila hata kujijua, aliacha kumchekesha.

Mama naye alikuwa amesikia ule ukimya. Aliweka kiganja kifuani, akavuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Pitia dukani," alisema. "Tumwambie kesho asije."

"Tutapita," Polepole alisema. Barabara alikuwa haioni vizuri, akapunguza mwendo, yeye ambaye hakuwa na mwendo wa kupunguza. "Lakini kwanza cheka tena."