Miezi Mitatu ya Kuazima Hewa

Fundi Matone hakuwa na ugomvi na mtu, ila bomba linalodondoka lilimtoa akilini. Angeweza kuvumilia kelele za mashine, majirani wanaotukanana, hata hotuba ndefu za arusi. Lakini tone moja likianguka kwenye sinki, hata la nyumba ya watu, mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Siku ya posa ya kijana wake mwenyewe aliinuka mezani, akaenda kulala chali chini ya sinki la wakwe akiwa na shati jeupe. Jina alilipata huko ujanani, na miaka sitini na mitatu ilikuwa imemfundisha mengi lakini si kuvumilia tone.

Alhamisi moja, ametoka tu kula chakula cha mchana, dalali wa nyumba akampigia simu.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye uliyelaza mabomba kwenye ile nyumba ya kona. Ya madirisha ya kijani."

"Mimi na bwana wangu aliyenifundisha. Yeye ameshatangulia."

"Basi umebaki wewe. Watu wa maji wamekuja mara mbili kuitafuta koki kuu, hawajaiona. Nyumba imeuzwa, mzee, na ndani kuna wavamizi. Ukinifungia maji, wataondoka wenyewe. Hakuna polisi, hakuna kelele, hakuna wa kutupiga picha na simu. Kazi ya dakika tano."

Fundi Matone alisema anakuja. Kusema kweli, kazi yenyewe hakuipenda tangu alipoisikia. Alikwenda kwa sababu alitaka kuiona ile nyumba, na kama angeitwa kwenda kuichoma moto nadhani angekwenda vilevile, halafu akashindwa kuwasha kiberiti.

Pale ndipo alipompata mkewe. Alikuwa na miaka ishirini na minne, anachimba mtaro nyuma ya jikoni, na msichana wa kazi alikuwa dirishani anaosha vyombo. Akamwomba maji ya kunywa. Msichana akamtazama juu mpaka chini, matope hadi magotini, bomba begani, akamwuliza, "Fundi wa maji ndiye anayeomba maji?" Akacheka, akampa. Kesho yake Fundi Matone aliona kiu mara tano. Mtaro wa siku mbili ulimchukua wiki, na bwana wake akamwambia kuwa akiendelea hivyo atafika upande wa pili wa dunia.

Walipooana walipanga chumba, na haukupita mwaka mwenye chumba akakitaka kwa ajili ya mdogo wake. Wakawa hawana pa kwenda. Wiki hiyohiyo, Bi Mkubwa, mwenye ile nyumba ya kona, alisafiri miezi mitatu kumpeleka mumewe kwenye matibabu. Funguo akamwachia msichana wake wa kazi: awe anakuja asubuhi, afungue madirisha, afagie, afunge, aende zake. Aende zake wapi, hilo Bi Mkubwa hakuuliza, kwa kuwa hakujua kuwa ni swali.

Wakaingia. Mkewe alitoa masharti kabla hawajavua viatu. Hawatalala kitandani mwa watu. Hawatakaa kwenye makochi. Watatandika mkeka kwenye chumba cha mizigo, kule kunakowekwa masanduku, na kila asubuhi wataukunja. "Hatuchukui kitu, hatuvunji kitu, hatubadilishi kitu," alimwambia. "Sisi tunaazima hewa tu." Akawa anafuta hata nyayo zao sakafuni.

Fundi Matone amejenga baadaye, amezaa, amesomesha. Lakini ukimwuliza ni lini alikuwa na furaha isiyo na doa, atakutajia miezi ile mitatu ya woga. Jumapili moja alimbembeleza mkewe mpaka akakubali wakae mezani, mara moja tu. Ilikuwa meza ya watu wanane. Yeye akakaa kichwani huku, mkewe kichwani kule, katikati viti sita vitupu, na Fundi Matone akapaza sauti, "Mama, hebu nisogezee chumvi!" Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akafuta meza mara mbili, akavirudisha viti sawasawa, na hakukaa pale tena.

Sasa mkewe ana miaka minne kaburini, na dalali alikuwa amesimama langoni na suti ya kubana, anaangalia saa.

"Mzee, pita nyuma. Mimi siingii. Yule mama ana maneno."

Rangi ya madirisha ilikuwa imebanduka, lakini ua ulikuwa umefagiwa. Fundi Matone aliliona hilo kwanza. Majani makavu yalikuwa yamekusanywa pembeni, na bati la baraza ambalo lingekuwa limeng'oka zamani lilikuwa limefungwa kwa waya. Mwanamke wa miaka kama arobaini alikuwa anaanika nguo. Alipoona mfuko wa spana, akaacha.

"Shikamoo, baba. Umekuja kukata maji."

"Marahaba, mwanangu." Akautua mfuko chini. "Ndivyo nilivyoitiwa."

Mwanamke hakupiga kelele. Alikuwa mpishi wa shule, alimweleza, mpaka shule ilipofungwa. Na chumba alichokuwa anakaa kilikuwa cha shule, kwa hiyo vyote viliondoka siku moja. Hapa ana miezi tisa na mabinti zake wawili. Alikuta mlango wa nyuma umelala chini na paka wamezaa jikoni.

"Najua si yangu, baba. Sijawahi kusema ni yangu. Nilipita hapa mwaka mzima nikienda kazini, sikuwahi kuona hata taa. Nikajisemea, nyumba imekaa tu, na mimi nina watoto mvuani. Kama ni dhambi, basi nitaulizwa mimi, si hawa."

"Naweza kuingia?"

"Unaniuliza mimi?" alisema mpishi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Ndani, Fundi Matone alitembea polepole. Makochi yalikuwa yamefunikwa shuka, hayajakaliwa. Meza ya watu wanane ilikuwepo. Vyumba vya kulala vilikuwa vimefungwa. Alipofika mwisho wa ukumbi, akasukuma mlango wa chumba cha mizigo, akaona godoro moja jembamba limeegemezwa ukutani, nguo zimekunjwa juu ya sanduku, na madaftari mawili ya shule.

Akamgeukia mpishi aliyekuwa amemfuata. "Kwa nini mnalala huku? Vyumba viko tele."

"Vile ni vya watu," alisema mpishi.

Fundi Matone alitoka uani, akaketi juu ya jiwe la kufulia. Koki kuu ilikuwa mita moja kutoka kwenye kisigino chake, chini ya kibamba cha saruji walichokimwaga yeye na bwana wake, na udongo juu. Akatoa simu. Namba ya Bi Mkubwa alikuwa nayo tangu bibi huyo alipompigia kumpa pole ya msiba wa mkewe. Ni mtu mzima sana sasa, anakaa kwa mwanawe wa kiume, mbali. Fundi Matone aliamini kitu kimoja: Bi Mkubwa alikuwa mwema, na akisema neno moja tu, dalali atarudi na suti yake alikotoka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Ni yule kijana wa bomba!" Mpaka leo kwake yeye ni kijana. "Hujambo? Unakula?"

Akamweleza yote, haraka haraka. Bi Mkubwa alisikiliza.

"Wanalala wapi?" akauliza.

"Chumba cha mizigo."

Upande wa pili kikongwe akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Kama nyinyi."

Fundi Matone alihisi jiwe limemkimbia chini ya makalio. Miaka thelathini na minane siri ile walikuwa wanaijua watu wawili, na mmoja amekufa nayo.

"Bi Mkubwa... ulijua?"

"Wewe si ndiwe uliyeniambia? Bomba la jikoni lile lilidondoka mwaka mzima. Marehemu mume wangu kila siku kesho, kesho. Nimesafiri naliacha linadondoka, nimerudi nalikuta kimya, lina utepe mpya mweupe, na chumba cha mizigo, kisichofagiwa na mtu, kinang'aa. Nikasema, ni mwizi gani huyu anayeingia nyumbani kwa watu kuwatengenezea bomba?"

Ilikuwa kweli. Usiku nane alivumilia. Siku ya tisa mkewe alipokwenda sokoni, akalifungua, akabadilisha mpira, akazungushia utepe, akalifunga. Mkewe aliporudi akasimama katikati ya jiko, akasikiliza, akauliza, "Mbona kimya?" Akamjibu kuwa limepona lenyewe. "Mabomba nayo hupona?" alisema mkewe. Hakumsemesha siku mbili, yeye aliyesema wasibadilishe kitu.

"Mbona hukusema neno, Bi Mkubwa?"

"Ningesema nini? Nilisimama pale naliangalia bomba, na mkeo alikuwa mlangoni ananiangalia mimi. Ameshika ukuta. Tena tumbo lilishaanza kuonekana. Nikafungua maji, nikanawa mikono, nikamwuliza chai iko wapi. Basi."

Fundi Matone alijifuta macho kwa kiganja chenye vumbi, akaharibu zaidi. Mkewe aliishi na hofu ya siku ile maisha yake yote. Hata mwaka wake wa mwisho aliwahi kusema, "Kama Bi Mkubwa angejua, angetuonaje?" Na Bi Mkubwa alikuwa anajua wakati huohuo, anakunywa chai.

"Basi waambie hawa nao wabaki," akasema. "Zungumza na dalali, yuko hapa langoni."

"Nyumba si yangu, mwanangu. Nilimwandikishia huyu mtoto mwaka juzi, na ameiuza. Nilimwambia asiiuze. Akaniambia, mama, pumzika." Akakohoa tena. "Na mimi hapa nimepewa chumba. Kizuri, kina dirisha. Lakini nimepewa."

Walipoagana, Fundi Matone akairudisha simu mfukoni. Alikuwa amekwenda kuomba ruhusa kwa mtu wa zamani, na mtu wa zamani hakuwa na cha kutoa isipokuwa stori. Akainua mfuko wake, akaenda langoni.

"Tayari?" dalali akauliza.

"Sifungi."

"Hukuiona?"

Hapo angeweza kudanganya, na uongo ule ungekuwa mwepesi kuliko yote aliyowahi kusema. "Nimeiona. Najua ilipo. Sifungi."

Dalali alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa kwa jua. "Mzee, mimi sina chuki na yule mama. Lakini nyumba ina mwenyewe. Akija mtu kulala ukumbini kwako, utamfurahia?"

"Sitamfurahia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe una haki yako, kijana. Mimi nimesema sifungi."

"Basi Jumatatu naleta wachimbaji. Watachimba ua mzima mpaka waipate. Umewaongezea siku nne tu, mzee. Siku nne!" Akapanda gari lake, akapiga mlango.

Na alikuwa amesema kweli, ndiyo iliyomuuma Fundi Matone. Aliona aibu kurudi uani, lakini kumwacha mpishi akidhani amepona kungekuwa ukatili mwingine. Akarudi, akamwambia kama ilivyo: amekataa, Jumatatu watakuja wengine, na wale wataipata. Mpishi alimsikiliza huku anakamua gauni la mtoto, akalikamua mpaka halikuwa na maji tena, na bado akaendelea.

"Ahsante, baba," akasema. "Siku nne si haba. Nitatafuta."

"Utatafuta wapi?"

"Nitatafuta."

Binti yake mdogo, wa miaka sita hivi, alikuwa amerudi shuleni na sasa alikuwa anachungulia ndani ya mfuko wa spana. Alikuwa na pengo mbele, na maswali.

"Babu, hivi vyote vyako?"

"Vyangu."

"Na nyumba unayo?"

"Mwache babu," mpishi akasema.

"Ninayo," alijibu Fundi Matone. "Niliijenga mwenyewe."

"Kubwa?"

"Ina vyumba vitatu na ukumbi."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

Mtoto alihesabu vidole vitatu, akavitazama, akamtazama yeye. Mpishi aliinama kwenye beseni kana kwamba hakusikia, kwa adabu ile ambayo watu wenye shida hujifunza mapema ili wasionekane wanaomba. Fundi Matone akachukua mfuko wake upesi, akaaga, akatoka.

Alifika mpaka langoni. Vyumba viwili vilikuwa vya watoto, waliokuja mara ya mwisho kwenye arobaini ya mama yao. Cha tatu kilikuwa chao yeye na mkewe. Alikifunga siku ile ya msiba, ufunguo akauweka juu ya kabati la vyombo, na tangu hapo analala kwenye kochi ukumbini na mgongo unamuua. Kanga za mkewe ziko palepale zilipo. Kitana chake kina nywele. Hajagusa kitu, hajabadilisha kitu, na miaka minne alikuwa amejiambia kuwa hayo ndiyo mapenzi, na kwamba mkewe angefurahi. Sasa, amesimama pale na mkono kwenye komeo, alijua vizuri mkewe angesema nini kuhusu vyumba vitatu vilivyofungwa, na angekisema kwa sauti gani.

Alirudi. Mpishi akainua uso.

"Kwangu kuna vyumba viwili vitupu," Fundi Matone alisema. "Viwili vitupu. Cha tatu kina nguo za marehemu mke wangu. Nipe mpaka Jumamosi nizitoe, nami nipate pa kulala."

Akageuka, akaenda zake kabla hajajibiwa, kwa kuwa alijua kuwa akisimama pale dakika moja zaidi, angebadili nia.