Nani Anawalisha Samaki?

Maji yalikuwa yamegeuka kijani tena. Si kijani cha kupendeza, ni kile cha mboga iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Jumamosi nilikuwa nimesugua kioo cha tangi kwa sponji, nikapunguza maji, nikajaza mengine yaliyolala kwenye ndoo, nikaosha na chujio. Jumatano ukoga umesharudi, umetanda kwenye kioo kama mwenye nyumba, na samaki wawili wako juu wanahema.

Tangi ni la binti yetu kitinda mimba. Aliposafiri kikazi aliniachia mimi, akaniapisha: "Mama, wasife." Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona magauni ya maharusi yenye shanga zisizo na idadi, leo visamaki sita vinishinde?

Nikafunga safari hadi kwa muuza samaki wa mapambo, bwana mmoja mpole anayeongea kwa kunong'ona, sijui anaogopa kuwaamsha samaki wake.

"Ukoga hauoti bure, mama," akasema. "Ni mwanga mwingi au chakula kingi. Taa unawasha muda gani?"

"Asubuhi mpaka adhuhuri tu. Na pazia nimeshusha."

"Unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja. Asubuhi, chembe chache za kushika kwa vidole viwili."

"Basi kuna mwingine anawalisha. Wakishindwa kumaliza, chakula kinaoza chini, ukoga unanenepa. Maji yakichafuka zaidi ya hapo, utawapoteza wote."

Kuna mwingine! Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mume wangu, dereva mstaafu. Damu ilinichemka njia nzima.

"Baba," nilimwambia hata viatu sijavua, "wewe ndiye unayewalisha samaki?"

Alikuwa anasoma gazeti. Akalishusha, akanitazama.

"Ni mimi," akasema. "Nisamehe, mama. Nitaacha."

"Unawapa kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko gani?"

"Cha chai."

"Samaki sita, kijiko kizima cha chai?"

"Basi nusu," akasema, akarudi kwenye gazeti.

Nikabaki nimesimama, kiatu kimoja mkononi. Mzee huyu hubishana hata na redio, leo anakubali kosa bila kujitetea? Kama anasema kweli, mbona kipimo chake kinabadilika kama bei ya sokoni? Na kama ananidanganya, anamficha nani? Miaka yote tuliyoishi pamoja sijawahi kumshika na uongo. Nilikosa raha kabisa, na sasa haikuwa habari ya samaki tena. Nilitaka kujua kama mwanamume ninayelala naye kitanda kimoja bado ni wa kuaminika.

Nikamwekea mtego. Kopo la chakula cha samaki nililizungushia uzi mweusi wa kushonea, nikalifunga kwa fundo langu. Fundo hilo nililibuni mwenyewe kwa ajili ya vifungo vya makoti: uzi unapita chini ya kitanzi mara mbili, kisha unarudi kinyume. Wanafunzi wangu wote wamelijaribu likawatoa jasho. Mume wangu, yeye hata kamba za viatu akifunga zinafunguka kabla hajafika mlangoni. Atakayekata uzi ule hataweza kuurudisha, na hapo ndipo tutazungumza vizuri.

Asubuhi nikawalisha, nikalifunga tena kopo kwa uzi mweusi, nikaingia chumba cha cherehani. Nilikuwa na mapazia ya mteja msumbufu, mekundu, mita kwa mita. Jioni nikatoka kwenda kukagua mtego wangu.

Fundo lilikuwepo, limekaza vizuri, ni langu kabisa. Ila uzi ulikuwa mwekundu.

Kwenye tangi, chakula kipya kilikuwa kinaelea. Nilikaa chini. Nikajaribu kuurudisha mchana ule kichwani. Nakumbuka cherehani, nakumbuka mteja alipiga simu akanigombeza, nakumbuka chai. Kopo silikumbuki. Nikaligeuza na kuligeuza, nikitafuta namna ambayo mtu mwingine angeweza kulifunga hivyo, na sikuipata. Niliogopa.

Mume wangu akaingia, akaniona na kopo mkononi.

"Ni mimi," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hasira ikanipanda, maana hasira ndiyo niliyoizoea. "Ulijua ukanyamaza! Umejitwika kosa lisilo lako, umeniacha nihangaike na muuza samaki, nikuwekee na mitego kama panya! Kinywa huna? Mbona hukuniambia?"

Alilitoa kopo mkononi mwangu taratibu, akaliweka mezani. Akaketi karibu yangu, bega kwa bega.

"Nilikuambia kwamba unasahau."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Tulikaa hapahapa. Ulilia sana."

Nikamtazama usoni nikitafuta utani. Haukuwepo.

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema nisikuambie tena."