Hitima ya Msabaha na Kopo la Buluu

Hitima ya Msabaha tuliipika kwa kuni alizozipasua Msabaha mwenyewe. Alizipasua tangu alfajiri, akazipanga ukutani, kisha akaja kuniuliza kama zinatosha au aongeze. Nikamwambia zinatosha, mwanangu, kapumzike, leo ni siku yako. Nimepika kwenye misiba mingi hapa mtaani Dunda, lakini marehemu wa kuulizia kuni nilikuwa sijakutana naye.

Mimi ni Sikuzani, jirani wa Bi Biubwa ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa. Wapo wanaosema bibi yule alikuwa amechanganyikiwa. Waongo hao. Bi Biubwa alikuwa na akili kutushinda sote. Tatizo lake lilikuwa macho, na tatizo la mjukuu wake lilikuwa kopo.

Macho yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Azimio lilipotangazwa yeye alikuwa tayari haoni. Akawa anatujua watu kwa pua. Mimi alinijua kwa bizari, na Mtoro fundi cherehani kwa mafuta ya mashine. Alikaa barazani akitutaja majina kabla hatujamwamkia. Sauti hakuziamini hata kidogo, alisema sauti hata kasuku anayo.

Msabaha, mjukuu wake, alilelewa naye tangu mama yake alipofariki, na huyo kumtambua haikuwa kazi. Alikuwa akinunua na kuuza papa mkavu kule soko la samaki, kutwa anabeba magunia juani. Ukichanganya papa na kikwapa cha kijana mwenye nguvu, unapata harufu inayofika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mimi nikiisikia nafunga dirisha. Bi Biubwa akiisikia anapakua chakula.

Na dawa ya kikwapa ilikuwa humo humo ndani. Chini ya kitanda cha Bi Biubwa kulikuwa na kikopo cha shabu iliyotwangwa na karafuu, unaichanganya na maji ya ndimu, unapaka, basi. Marehemu mume wangu alipaka hiyo mpaka anaingia kaburini. Lakini vijana wa miaka ile, wenye suruali pana miguuni kama magunia mawili, waliona shabu ni mambo ya vizee. Msabaha aliona bora anuke.

Kisha akampenda Sabah, binti wa Bwana Muhanna mwenye duka la vitambaa. Posa ikapelekwa. Bwana Muhanna hakuwa na neno, kijana anaswali na anajituma. Mkewe, Bi Khairat, ndiye aliyewaambia washenga waende wamletee fulana ambayo kijana ameivaa kutwa na haijafuliwa. Ikapelekwa ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Jioni ikarudishwa imening'inizwa kwenye kijiti, na jibu kwamba mwanawe hataolewa kwenye ghala la papa.

Aliyejitia kusaidia ni Nasser, kaka yake Sabah, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Dar es Salaam. Akaja na kopo la buluu la kupuliza, lina picha ya mwanamume amepanda farasi, anacheka meno yote nje. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hapa hakuna aliyeijua. Nasser alimwambia rafiki yake Msabaha kwamba hiyo ndiyo dawa ya kikwapa ya watu walioendelea, unabonyeza tu. Wapi na kiasi gani hakumwambia, na nadhani hata yeye hakujua.

Msabaha akabonyeza. Akapuliza makwapa, shingo, kofia na malapa, akapuliza fulana nyingine ndani na nje. Ikapelekwa kwa Bi Khairat, ikakubaliwa siku hiyo hiyo, kwa sharti moja: kila Ijumaa mpaka siku ya nikahi apelekewe fulana mpya ya kunusa. Kijana akaja nyumbani anakimbia, amempatia bibi yake mkwe.

"Shikamoo, Bibi," alisema pale barazani.

Bi Biubwa akainua uso, akavuta hewa, akavuta tena. "Nani wewe?"

"Mimi Msabaha."

"Msabaha bado hajarudi sokoni. Wewe nani?"

Nilikuwa nimekaa hapo nasuka ukili, nikacheka. Bi Biubwa hakucheka. Msabaha akaanza kutoa ushahidi: kovu la goti, jina la paka wao aliyekufa, wimbo aliokuwa akibembelezwa nao. Bi Biubwa akasikiliza yote kwa adabu. Mwishowe kijana akamtajia mpaka mahali anapoficha bangili zake za dhahabu, na hapo ndipo alipoharibu. Bi Biubwa alipiga yowe la mwizi, mtaa mzima ukatoka na marungu, ukamkuta Msabaha amekaa kwenye mkeka anafuta machozi.

Tulimweleza bibi, tulimshikisha uso wa kijana. Akasema uso anaufahamu, ila ndani yake hakuna mtu, kunanuka kama duka jipya ambalo halijatiwa bidhaa. Akakubali yule mgeni alale chumba cha Msabaha mpaka mwenyewe arudi, kwa kuwa alionekana hana pa kwenda.

Usidhani Msabaha hakutaka kuliacha kopo. Angeliachaje, na kila Ijumaa fulana inangojwa? Basi kila asubuhi akawa anasema shikamoo, na kila asubuhi bibi anajibu, "Karibu, mgeni." Marahaba hakuitoa, marahaba ni ya watoto wake. Jioni alipakua chakula cha Msabaha, akakifunika kwa kawa, akakaa karibu na mlango anangoja harufu. Msabaha alikuwa amekaa pale pale, mbele ya sahani yake, hathubutu kuigusa. Nilikuwa nikiwaona kupitia mlango wa uani, na roho iliniuma kweli.

Mwisho Bi Biubwa akakata tamaa. Alisema mtoto wake hajapata kulala nje bila kuaga, kwa hiyo amekufa, na sisi tunamficha. Akamwita Maalim Mwinjuma asome hitima. Maalim akasema hawezi kumsomea hitima mtu aliyemfungulia mlango. Bi Biubwa akamwuliza kama kumwombea dua mtu aliye hai ni dhambi. Maalim akafikiri, akanusa pilau, akasema dhambi si dhambi. Tukasoma, tukala. Msabaha alipita na birika akiwanawisha watu mikono, na kila aliyenawishwa alimpa pole ya msiba, naye akaitikia.

Tulicheka, nakubali. Hatukucheka tena habari ilipofika dukani kwa Bwana Muhanna. Yule alikuwa mtu wa taratibu, kitambaa chako hakikati mpaka akipime mara ya pili. Alimwita Msabaha akamwambia hana ugomvi naye, lakini hawezi kumwozesha binti yake mtu ambaye kwao ameshasomewa hitima. Akizaa watoto, wataambiwa baba yao nani? Siku ya nikahi Bi Biubwa aje, amtaje mjukuu wake kwa kinywa chake mbele ya watu, ndipo ndoa ifungwe. Asipomtaja, kila mtu atarudi kwao. Bi Khairat akadakia kutoka nyuma ya pazia kwamba la fulana liko pale pale.

Msabaha akaenda pwani akalitupa kopo. Akajisugua kwa mchanga, akaoga maji ya chumvi, akajiviringisha juu ya magunia ya papa mpaka wachukuzi wakadhani ameshikwa na pepo. Haikusaidia. Ile harufu ilikuwa imemwingia kama deni. Akaondoka kwa miguu kwenda Kiwangwa, akaomba kibarua kwa watu wa mananasi, abebe, alime, afanye lolote la kutoa jasho, na ujira wasimpe. Wakwere wa kule wanaisimulia mpaka leo habari ya mtu wa pwani aliyekuja kuwaomba wamchoshe.

Siku aliyorudi mimi nilijua kabla ya kumwona, maana mkono wenyewe ulikwenda kufunga dirisha. Kuku wetu walihama upande wa pili wa njia. Bi Biubwa alikuwa anachambua mchele. Pua ikamcheza. Akasimama, ungo ukaanguka, mchele wote chini.

"Msabaha," akaita, na kijana bado yuko kule kwenye kona.

Alimkumbatia papo hapo barazani, na harufu ile yote, akaificha pua yake kwapani kwa mjukuu wake huku analia. Kisha akamgombeza. Alikuwa wapi, watu wamekula hitima yake, aibu gani hii. Akashusha sauti akamwambia kwamba alipokuwa hayupo kuna mtu alilala kitandani kwake. "Nilimwacha," alisema, "alikuwa anapasua kuni vizuri."

Msabaha akanitazama. Nami nikatazama mchele.

Ikabaki la Bi Khairat. Kijana akamweleza bibi yote, habari ya kopo na fulana na Ijumaa, isipokuwa habari ya kwamba yule mgeni alikuwa yeye. Bi Biubwa akaniita nimtolee kile kikopo cha chini ya kitanda.

"Shabu na ndimu vinaondoa uvundo, mtu anabaki," alimwambia. "Hilo kopo lako linamwondoa mtu, linabaki lenyewe. Vua shati."

Alimpaka kwa mkono wake. Kanzu yake tukaitandaza juu ya tenga, chini yake chetezo, tukaifukiza udi mpaka ikakolea. Fulana ya Ijumaa ile ikapelekwa bila woga. Bi Khairat aliingia nayo chumbani, akakaa muda mrefu mpaka washenga wakaanza kutazamana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema inanukia kama marehemu baba yake alipokuwa anatoka kwenda msikitini, na hiyo fulana hairudishi.

Ungedhani yamekwisha. Ungekuwa humjui Nasser.

Siku ya nikahi mimi ndiye niliyemshika mkono Bi Biubwa kumpeleka uani kwa Bwana Muhanna. Unajua desturi yetu, mgeni wa harusi akiingia hunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Lakini mwaka ule vitu vilikuwa haba, marashi yakaisha waalikwa bado wanamiminika. Nasser akaona aibu ya kwao ataisitiri yeye. Akasimama mlangoni, kopo la buluu mkono huu na kopo la buluu mkono huu, akampuliza kila aliyeingia, na bwana harusi akampuliza mara ya ziada kwa mapenzi.

Tulipoingia, Bi Biubwa alisita. Wanaume wote wa mji walikuwa wamekaa mikekani kwa kanzu zao nyeupe. Bwana Muhanna akasimama, akamwamkia kwa heshima, akamwomba amtaje mjukuu wake. Bi Biubwa akageuza uso huku na huku.

"Sikuzani," akasema, "mbona umenileta mahali pasipo na watu?"

Bwana Muhanna akatazama chini. Maalim Mwinjuma akaanza kufunga kitabu chake polepole. Msabaha alikuwa amekaa mbele yetu kabisa, hawezi hata kusema shikamoo, kwa sababu anajua atakachojibiwa. Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

"Inueni mikono," nikasema.

Hawakuelewa. Nikawaambia nguo zimepulizwa, lakini kopo la Nasser halikuingia ndani ya kanzu, kwa hiyo kila aliye mwanamume hapa asimame afungue kishikizo na ainue mkono, au mimi nitakuja kuinua mwenyewe. Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Muhanna. Nadhani alikuwa ameshachoka kupima. Wakafuata wote, wazee, vijana, Maalim, mstari mzima wa kanzu nyeupe uani, mkono mmoja juu kama wanaosimamisha basi, na Bi Biubwa akapita akinusa kwapa moja moja. Kwa fundi akasema, "Mtoro, umekuja." Kwa Bwana Muhanna akanusa mara mbili, akamwambia shabu yake imechanganywa na tui, asirudie. Maalim alimpita haraka. Wanawake walikuwa wamejaa dirishani, na Bi Khairat mwenyewe alikuwa amesahau kujifunika uso.

Akafika kwa Msabaha. Akavuta hewa mara moja. Yule kijana mwenye nguvu za kubeba magunia alikuwa analia mkono ukiwa juu.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, Msabaha. Marahaba, mwanangu." Akageukia pale alipodhani watu wapo. "Huyu ndiye wangu. Mwozesheni."

Ndoa ikafungwa. Nilipokuwa namrudisha Bi Biubwa kukaa, aliuachia mkono wangu, akarudi kwa mjukuu wake, akamvuta sikio.

"Na yule mpasua kuni mmemwalika?"

Msabaha akaushika mkono wake. "Amekuja, Bibi."

"Mpeni chakula kizuri. Kila siku alikuwa ananiamkia, nami simwitikii. Alikuwa mtu mwema, masikini, ila hakuwa na mtu."

Msabaha akasema atampa. Alikula sahani yake akaimaliza, kisha akaomba aletewe na ya yule mwingine.