Maana ya Pili

Saa mbili asubuhi meneja wa hoteli alishuka ngazi na barua mkononi, uso umemkunjamana, akaamuru mlango wa wafanyakazi ufungwe. Barua ilitoka kwa mgeni wa chumba namba tisa, ofisa wa jeshi aliyeondoka alfajiri. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne tu, na ilimtaja mpokezi wa wageni kwa neno ambalo meneja alilipigia mstari mwekundu: *disarming*.

Meneja hakuyaelewa vizuri mengine, ila alijua *arm* ni silaha. Alijua pia kwamba ofisa yule alikuja na bastola kiunoni. Basi akajijumlishia mwenyewe: mpokezi kamnyang'anya mgeni silaha, nayo imo humu humu. Simu ya ofisa haikupatikana.

Upekuzi ukaanza. Mama wa chumba cha kufulia, ambaye wote walimwita Shangazi, alimwagiwa mkoba wake mezani: kitambaa cha kichwa, dawa za presha, picha ya mjukuu.

Maneno ya adabu ya Kiingereza mpokezi alijifunza mwenyewe, moja moja: *polite*, *gracious*, *elegant*. Hili hakuwahi kulisikia. Alichokumbuka ni kwamba mgeni yule alifika amefura, chumba chake kapewa mtu mwingine; yeye akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi, akamtafutia kingine, hadi mgeni akacheka.

"Meneja, kabla hujawaita polisi, naomba tuangalie kamusi."

Meneja aliichukua rafuni, akasoma kwa sauti: kunyang'anya silaha. Akaifunga kwa kishindo. "Umesikia mwenyewe."

Lakini jicho la mpokezi lilikuwa limewahi kuuona ukurasa. "Chini yake kuna namba mbili. Tafadhali isome."

Meneja akafungua shingo upande. Alisoma kimyakimya kwanza, kisha kwa sauti ya chini: mwenye haiba na upole wa kumpoza aliyekasirika.

Meneja akaanza kusema barua ataibandika ubaoni, kila mtu aione.

"Barua itangoja," mpokezi akamkatiza. "Anza na Shangazi."

Meneja alisogea mezani, akaiokota ile picha, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nisamehe, Shangazi. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Nimesikia," Shangazi akajibu, akafunga mkoba, akarudi kwenye mashine zake.

Mpokezi alijifungia chooni akalia kidogo, ndipo akarudi kaunta.