Kifurushi Kinaisha Jumamosi

Mwalimu Nahida alikuwa na ulimi mkali, na wanafunzi wake kumi na mmoja walimwogopa hata kupitia kioo cha simu. Hakuna aliyethubutu kutafuna biskuti mbele yake, wala kuzima kamera akasingizia mtandao.

"Mtandao wako unakufa kila tukifika kwenye kugawanya, wewe Mustafa," alikuwa akisema. "Kwenye salamu uko hai kama jogoo."

Wenzake wanaangua kicheko, Mustafa anawasha kamera, somo linaendelea.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja katika mji ule mdogo wa kaskazini ya Basra. Siku hizi kila kiangazi, joto likigonga nyuzi hamsini na lami ikaanza kushika viatu, aliwakusanya mtandaoni wale walioanguka mitihani ya Juni: wanaokwama kwenye kila neno, wasiojua kitenzi kilipo katika sentensi, wasioweza kuwagawia watu sita tende arobaini na nane. Saa kumi na moja jioni jenereta ya mtaa ikiwashwa, naye anafungua darasa. Kipoza hewa cha maji dirishani kilinguruma kupita kiasi, kwa hiyo alikuwa ameiunganisha kompyuta na spika ya harusi ya Ghazwan, mtoto wa kaka yake. Spika yenyewe ilikaa chini ya dirisha la barabarani, na mtaa mzima ulishajua nani hajui jedwali la saba.

Aliyemnyima usingizi ni Ruqayya, msichana wa miaka kumi. Alikuwa ameanguka kusoma na hesabu, na mtihani wa duru ya pili ulikuwa siku kumi na mbili mbele. Kadhim, baba yake, alipompigia Nahida mara ya kwanza hakuzungukazunguka.

"Mwalimu, kwetu msichana akianguka mara mbili anakaa nyumbani, basi. Ami zake wanaisubiri siku hiyo kama Idi. Mimi sitaki. Nisaidie."

"Mlete na penseli, sio na machozi," Nahida alimjibu, na Kadhim akacheka.

Tangu siku hiyo Kadhim alimwachia binti simu yake kila jioni, akatoka mikono mitupu. Aliweka kifurushi cha mwezi mzima ili darasa lisikatike. Yeye na mwalimu hawakuwahi kuonana. Nahida ni dada wa nani, nyumba yake ni ipi, Kadhim hakuuliza, maana kule mwanamume aliyelelewa haulizi habari za wanawake wa nyumba ya watu. Adabu nzuri hiyo, lakini hata adabu ina siku yake ya kuponza.

Nahida yeye alijua. Alishaliona jina la ukoo wa Ruqayya kwenye orodha ya shule: Albu Dakhin. Na siku kumi zilizopita Sabri, kaka yake Nahida na mwenye nyumba aliyoishi, aligombana na mtu wa Albu Dakhin kwenye pampu ya mfereji, nani apate maji kwanza, akampiga koleo la usoni na kumvunja taya. Maji yenyewe ya chumvi, hata mbuzi anayakunjia uso! Masheikh walitoa siku kumi za kusitisha shari. Mara tatu Nahida alishika simu amwambie Kadhim, "Mimi ni dada yake Sabri." Mara tatu akaiweka chini. Alijua akisema tu, mtoto ataondolewa darasani siku hiyohiyo. Akajiambia, acha kwanza avuke mtihani.

Siku ya kumi iliangukia Alhamisi. Sabri aliondoka mapema kwenda kumsihi sheikh aongeze muda. Mlangoni alimshika mwanawe Ghazwan sikio, ingawa kijana ana miaka ishirini na mbili na ndevu zake.

"Wakija kupiga dagga, lala chini. Ukuta utapigwa lipu. Ukijibu risasi hata moja, umetumaliza."

Ghazwan aliitikia kwa kichwa. Dagga ilikuwa na kanuni zake: magari yanasimama mbele ya nyumba, wanaume wanamiminia lango na ukuta risasi, wanaondoka. Maana yake, njoo tukae tuzungumze fidia. Haipigwi ili iue mtu, na haijibiwi.

Saa kumi na moja na robo Ruqayya alikuwa anasoma ukurasa wa arobaini na mbili. Ni kisa cha shomoro aliyejenga kiota kwenye mtende, na kila siku alikwama mstari wa tatu.

"Shomoro aka... akaku... akakusa..."

"Usimkate shingo shomoro wa watu. Vuta pumzi. Rudia."

"Akaku..."

Magari matatu yalifunga breki nje.

Nahida hakupata hata kusema Allah. Mlio wa kwanza ulipasua dirisha na kioo kikamwagikia mgongoni. Wa pili ulifuata, kisha haikuhesabika tena. Alijitupa sakafuni. Kipoza hewa kilitobolewa, kikatapika maji ukutani. Ubao wake mweupe, uliokuwa na zile tende arobaini na nane, ulivunjika vipande viwili. Juu ya paa tangi lilipasuka na maji yakaporomoka ngazini. Lango la chuma lilikuwa linalia kama sufuria zinazopondwa. Na spika ya harusi, ambayo hakuna risasi iliyoigusa, ilikuwa inatoa vilio vya watoto kumi na mmoja, vikubwa kuliko bunduki.

"Mwalimu! Mwalimu Nahida!"

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni wote!"

Hakuna aliyezima. Damu ya kichwani ilikuwa inamwingia jichoni, naye akatambaa kwa viwiko juu ya vigae kuifikia kompyuta awafunge watoto wasione. Huko nje wanaume walianza kuitikiana:

"Sisi ndugu za Wadha! Ndugu za Wadha!"

Wadha ni dada wa mababu zao, na kila mtu wa Albu Dakhin hujitaja kwa jina lake akishika silaha. Ajabu ya wanaume hao! Jina la mke wa jirani ni aibu kulitamka, lakini wakienda vitani wanajiapiza kwa jina la mwanamke.

Kwenye kioo Ruqayya aliruka akasimama.

"Hao ni sisi!" alipaza. "Mwalimu, hao ni wa kwetu! Hiyo sauti ya Ami Jabbar!" Kisha akaubana mdomo kwenye simu na kupiga ukelele ambao Nahida hakujua kwamba mtoto yule mpole anao. "Baba! Baba Kadhim! Ni mimi Ruqayya! Msipige, mtatuua! Baba!"

Spika ilikuwa chini ya dirisha lisilo na kioo tena. Sauti ilitoka nzima barabarani. Bunduki moja ilinyamaza, ikafuata nyingine.

"Binti yangu!" mwanamume mmoja alilia. "Simamisheni! Wallahi binti yangu yumo ndani!"

"Kadhim, rudi! Wewe Kadhim!"

Hakurudi. Angempigia nani aulize, na simu yake iko mkononi mwa mtoto? Nahida aliinua kichwa akamwona anatupa bunduki, anaupitisha mwili kwenye lango lililotoboka, anakuja mbio uani na mikono mitupu. Papo hapo akamkumbuka Ghazwan, aliyekuwa juu ya paa na bunduki.

"Ghazwan, hapana! Ghazwan, hana ki..."

Ghazwan alikuwa amelala chini kama alivyoagizwa, hadi alipoona adui ameruka lango. Dagga haivuki lango. Kwa kanuni alizozijua, mtu anayevuka anakuja kuua. Akapiga risasi tatu.

Kadhim hakuanguka pale. Miguu ilimfikisha hadi sebuleni, akapiga magoti juu ya vioo, akiwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Damu ilikuwa inapita kati ya vidole.

"Yuko wapi?" alisema. "Ruqayya yuko wapi?"

"Yuko kwenu, ndugu yangu. Yuko kwenu, salama, hana hata mkwaruzo. Tazama."

Akaigeuza kompyuta. Kadhim aliuona ukuta wa jiko lake mwenyewe na kalenda yake, na mbele yake uso wa binti yake uliojaa machozi. Alitabasamu, au ni maumivu, Nahida hakujua. Kisha macho yakamgeukia yeye, yakamtazama kwanza kama mtu anayeitambua sauti.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Ni mimi."

"Hii ni nyumba ya Sabri."

"Sabri ni kaka yangu."

"Mbona hukusema?" Kadhim alimuuliza, kwa upole kabisa, kama anauliza saa. Akalala ubavu, na hakusema tena.

Nahida aliifunika kompyuta kwa mkono, lakini alikuwa amechelewa. Mtoto alikuwa ameona.

Jabbar aliingia na watu wawili. Alipomwona ndugu yake pale chini alitoa mngurumo, akamshindilia Nahida kitako cha bunduki mdomoni mara mbili. Meno yalimwagika. Akaipiga kompyuta risasi, akaipiga spika, akapanda ngazi iliyokuwa inatiririka maji kumtafuta Ghazwan. Hakumkuta. Kijana alikuwa amesharuka kwenye paa za majirani, na damu ya mguu wake uliochanika ilionekana paa tatu mbele. Kabla jua halijazama nyumba ilitiwa moto. Nahida alisimama barabarani kafunika mdomo kwa shela, akitazama vitabu vya miaka thelathini na moja vinaungua, na hakuvililia. Lilimkaa lile swali moja tu la marehemu: mbona hukusema?

Kanuni inataka familia ya muuaji ihame. Jumapili ilimkuta Nahida Nasiriyya, kwa binamu yake, mdomo umeshonwa nyuzi tisa. Ghazwan alikuwa amejisalimisha polisi, maana jela ilikuwa salama kuliko mtaani. Sabri alikuwa amezeeka kwa siku tatu. Alikaa pembeni na kurudia, "Maji ya chumvi. Maji ya chumvi yale." Nahida hakumhurumia. Angekuwa na nguvu angempiga koleo yeye.

Jumatano saa kumi na moja aliazima simu ya binamu na kufungua darasa.

"Una wazimu?" binamu alimuuliza. "Mdomo wenyewe hata chai haupitishi."

"Wana mtihani Jumanne," Nahida alisema. Kila herufi ilimchoma.

Waliingia sita. Mustafa alikuwepo, kamera imewashwa, anatazama chini. Hakuna aliyecheka. Aliwapa mafungu ya kugawanya, wakafanya kimya. Ilipofika kumi na moja na nusu, simu iliita kwamba kuna mtu anabisha hodi darasani, na jina likaandikwa chini ya kioo: Kadhim Abu Ruqayya.

Nahida alilisoma mara mbili. Labda ni Jabbar, anataka kuuona ukuta nyuma yake ajue walikohamia. Alijua hatari hiyo. Akawaaga wale sita, akageuza kiti, mgongo wake ukaelekea pazia tupu, akafungua.

Ilikuwa giza, kisha uso mdogo ukatokea, umefungwa kitambaa cheusi.

"Mwalimu, niko nyuma ya tangi, darini. Wamesahau kuichukua simu." Alikuwa ananong'ona. "Mwalimu, alinisikia?"

"Alikusikia."

"Ndiyo maana akaingia?"

Tangu aanze kazi Nahida hakuwahi kumwambia mtoto kwamba jibu baya ni zuri. Alitaka sana kufanya hivyo sasa.

"Ndiyo," alisema. "Aliingia kwa sababu alikusikia. Sikiliza, Ruqayya. Aliyempiga ni mtoto wa kaka yangu, si wewe. Na mimi nilijua nyinyi ni nani nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kukupoteza. Kosa hilo ni langu, ukitaka kunichukia nichukie. Wewe ulipiga kelele watu wasife. Nipo hai kwa sababu yako. Umeelewa?"

Mtoto aliinamisha kichwa. Alikuwa anang'ata ncha ya kitambaa. Nahida alingoja, na machozi yakamfikia kwenye nyuzi yakawasha kama chumvi.

"Ami Jabbar amesema sitafanya mtihani," Ruqayya alisema mwishowe. "Amesema shule basi. Hata ningefaulu."

"Mama anasemaje?"

"Mama halii wala hasemi." Alivuta kamasi. "Kifurushi alichoniwekea baba kinaisha Jumamosi."

Nahida alihesabu kwa vidole, kama mwanafunzi. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Kitabu unacho?"

"Ninacho."

"Ukurasa wa arobaini na mbili. Sauti ndogo, wasikusikie."

Ruqayya akafungua, akavuta pumzi. "Shomoro akakusanya nyasi," akasoma, akaupita mstari wa tatu, akaupita wa nne. Mwalimu hakumrekebisha popote, na mtoto alisoma hadi chini ya ukurasa, akaugeuza.